Shangazi, kila Ijumaa natoka na wenzangu, Jumatatu sina nauli

*Shangazi shikamoo. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma Tokyo, mwaka wa pili sasa. Kila Ijumaa wenzangu wa maabara hunialika izakaya, yaani baa ya Kijapani yenye chakula, tunakula vitu vidogo vidogo na kupiga soga, halafu tunazunguka madukani hadi karibu na treni ya mwisho. Mara ya kwanza nilijua nimealikwa, kumbe bili inagawanywa sawa kwa kila kichwa! Mimi sinywi pombe wala sili nguruwe. Nakula edamame, yaani soya mbichi za kuchemsha, na chai baridi, nalipa sawa na aliyemaliza bia sita. Tukiingia madukani nako najaza kikapu, maana binamu zangu nyumbani hawaishi kuagiza. Nimeshakopa kwa rafiki yangu Mkenya, na Ijumaa mbili zilizopita nimesingizia tumbo. Nikiacha kwenda nitabaki peke yangu chumbani. Nifanyeje?*
*Binti wa Ijumaa*

Marahaba mwanangu.

Hao wenzako hawajakudhulumu. Kwetu ukimwambia mtu "twende tukale" umeshajitwika bili, na yeye anakuja mikono mitupu bila wasiwasi. Huko mwaliko ni wa kukaa pamoja tu, pesa kila mtu na yake. Hata kile kibakuli kinachotua mezani kabla hamjaagiza chochote kinalipiwa, kama kiingilio, mara nyingi yen 300 hadi 500 kwa mtu. Usigombane na mhudumu, ndio utaratibu wao.

Lakini kulipia bia za watu kila wiki, hapana. Mimi naona kosa liko hapa: tangu uanze kutoka nao hujawahi kuchagua mahali hata siku moja. Izakaya sahani zinawekwa katikati, kila mkono unachota, nani atahesabu nani kala nini? Wakichukua ile bei moja ya kunywa mpaka muda uishe, mara nyingi duka linataka meza nzima ichukue, na wewe na chai yako mmo. Ukishakaa pale umeshakubali.

Basi Ijumaa hii pendekeza wewe. Usingoje jioni, andika Jumatano kwenye kundi lenu la ujumbe la LINE: "Jamani, Ijumaa hii zamu yangu kuchagua, twendeni sushi za mkanda." Pale sahani za wali na samaki zinapita kwenye mkanda, kila mtu anarundika zake mbele yake, mwisho zinahesabiwa, unalipa mnara wako. Wa sahani nne analipa nne. Na wala hutaonekana bahili, maana migahawa ile ilianza kwa ajili ya watu wa mfuko mdogo. Yoshiaki Shiraishi alifungua wa kwanza Higashiosaka mwaka 1958, baada ya kuona chupa za bia zikipita kwenye mkanda kiwandani, akaona samaki nao wanaweza kupita hivyohivyo bila kuajiri wahudumu wengi.

Wiki nyingine wapeleke kwenye maduka yenye mashine ya tiketi mlangoni. Unatia pesa, unabonyeza picha ya chakula, unakabidhi tiketi, unakaa. Mmeshalipa kabla ya kula, bili ya kugawana itoke wapi? Ila kwenye rameni, zile tambi za supu, fungua macho: supu ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi, hata ukitoa nyama juu, nguruwe yumo. Na sosi nyingi zina mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia. Mimi si shehe, hilo utapima mwenyewe. Mtaa wa Asakusa, hapo hapo Tokyo, kuna rameni za halali, na wenzako watazifurahia, wao wanafuata ladha tu. Mkimaliza tembeeni Nakamise, ile njia ya vibanda inayokwenda hekaluni. Saa hizo vibanda vingi vimefunga, utaangalia taa za hekalu na pochi itabaki salama!

Siku wakitaka izakaya lazima, nenda, lakini kabla hujafika mwambie anayekusanya pesa kwamba hunywi. Makundi mengi humpunguzia asiyekunywa, shida hawawezi kukisia kama umenyamaza. Raundi ya kwanza, yaani mahali pa kwanza, ikiisha, aga. Wengi huondoka hapo na hakuna anayenuna. Raundi ya pili ni ya wanaotaka. Usisingizie tumbo tena, siku ukiumwa kweli nani atakuletea uji?

Madukani sasa. Duka la yen 100 linakudanganya kwa jina, kwa kodi ya asilimia 10 vitu vingi vinakuwa 110, na vitu ishirini vimeshapita yen 2,000. Yale makubwa yasiyofunga usiku, yaliyojaa bidhaa hadi darini na wimbo usiokoma, ni mabaya zaidi, kwa sababu mnaingia mmeshiba, mnacheka, hakuna anayetazama bei. Acha kadi chumbani. Beba noti ya yen 1,000 ya dukani na nauli yako mbali, kwani ukikosa treni ya mwisho karibu saa sita usiku, teksi itakula zaidi ya sushi zote. Na hao binamu wanaotaka losheni na mafuta ya uso, wajibu kwa upole kwamba oda inaanza pesa ikifika.

Yule Mkenya umlipe siku posho inapoingia, kabla ya Ijumaa. Kama haitoshi yote, mpe nusu na umtajie tarehe ya iliyobaki, asije akaanza yeye kukuuliza mbele ya watu.