Miembe Miwili ya Uwanja wa Shule

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi hapa Tabora mjini. Tumechangishana fedha za kukarabati uwanja wa mbele, na fundi ametushauri tuikate miembe miwili mikongwe, tusakafie eneo lote kwa zege, kisha tupande maua kando ya ukuta. Mwenzetu mmoja anasema tumtafute kwanza msanifu wa mandhari. Huyo ana tofauti gani na mtunza bustani?

JIBU: Ndugu msomaji, mtunza bustani hupanda na kutunza, msanifu wa mandhari huamua, kabla jembe halijagusa ardhi, maji yapite wapi, watu wapite wapi na kivuli kiangukie wapi. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioshinda mwaka 1858 shindano la kubuni Central Park, bustani kubwa ya umma jijini New York, Marekani, waliifanya kazi hiyo kwa ustadi kiasi kwamba mgeni hudhani ameikuta asili, kumbe mabwawa yake yalichimbwa na udongo mwingi ulitolewa jimbo jirani la New Jersey.

Mfano wa karibu zaidi ni hiyo miembe yenu. Asili ya mwembe ni Asia ya Kusini, nao ulienea huku bara pamoja na misafara ya karne ya 19, ile iliyobeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa kupitia Tabora na Ujiji. Hata kama yenu ilipandwa baadaye, kivuli mnachokiona kuwa cha kawaida kilipangwa na mtu.

Sasa zege. Mvua za Tabora hunyesha takriban Novemba hadi Aprili, na maji ambayo leo hunywewa na udongo yatatafuta mteremko, pengine hadi mlangoni mwa darasa. Kiangazi kikiingia, sakafu hiyohiyo itahifadhi joto la jua ambalo miembe ingelizuia. (Fundi hulipwa kwa ukubwa wa eneo alilosakafia. Simlaumu, ila asiwe yeye wa kuupanga ukubwa huo.) Sakafieni njia tu, na mbali na mashina, kwa kuwa mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, huenea kupita kivuli chake, na huhitaji hewa. Mkiongeza miti, pandeni upande wa magharibi wa madarasa, linakotokea jua kali la alasiri. Maua yaacheni hadi mjue nani atayamwagilia mwezi Agosti.

Kabla ya kumwita mtaalamu yeyote, subirini mvua kubwa moja. Ikikatika, ingieni uwanjani na vigingi, mweke alama pale maji yalipotuama na pale watoto walipokwisha kujichongea njia za mkato, kisha mchore ramani hiyo kwenye karatasi na kumkabidhi.