Maswali ya Wasomaji: Wekundu wa Kisutu Uliopita Kiasi

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Lamu, na nimenunua skrini iliyotumika yenye wigo mpana wa rangi, ambayo muuzaji alisema inafikia karibu rangi zote za Adobe RGB, kipimo cha rangi kilicho kipana kuliko cha kawaida. Ndani ya programu ya kuhariri, picha huonekana sawa. Nikizifungua kwa programu ya kawaida ya kutazamia, leso ya kisutu inawaka na mikono ya bibi harusi inageuka rangi ya chungwa. Nimepunguza nyekundu kwa vitufe vya skrini, na sasa hata nguo nyeupe zina ukijani. La ajabu ni kwamba picha hizo hizo nikiwatumia jamaa kwa simu, wanasema zimefifia. Je, skrini ni mbovu? Nikinunua kifaa cha kupimia rangi, tatizo litaisha? (Msomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu msomaji. Skrini yako si mbovu, na kifaa cha kupimia peke yake hakitakutatulia hayo, kwa sababu kuwaka na kufifia kunatokana na jambo moja: tarakimu za rangi zinasomwa na programu isiyojua ziliandikwa kwa kipimo gani.

Faili la picha huhifadhi tarakimu za nyekundu, kijani na buluu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Katika sRGB, kipimo kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, nyekundu ya 255 ni wekundu wa kiasi fulani. Wekundu huo huo katika Adobe RGB ya mwaka 1998 huandikwa 219. Simu ikiipokea 219 na kuidhania kuwa ya sRGB, leso hufifia, na ninashuku kwamba ndivyo unavyohifadhi picha zako. Kwa upande wa pili, programu yako ya kutazamia huitupia skrini tarakimu hizo hizo bila kuzitafsiri, nayo skrini huzionyesha kwa wekundu wake yenyewe, ambao kwa skrini za aina hiyo huwa mkali kuliko wa sRGB. Programu ya kuhariri husoma profaili, yaani faili linaloeleza tarakimu zinamaanisha rangi gani, ya picha na ya skrini, kisha hutafsiri; ndiyo maana humo mambo ni shwari.

Kwa hiyo rudisha vitufe vyote katika hali ya kiwandani. Kupunguza nyekundu hakupunguzi wigo, bali huharibu weupe, kama ulivyoona. Ikiwa kazi yako yote huishia kwenye simu na kwa wachapishaji wa picha wa Malindi au Mombasa wanaopokea sRGB, basi teua hali ya sRGB katika menyu ya skrini, uiambie kompyuta itumie profaili ya sRGB, na usione haya kwamba umeuacha wigo mpana ulioulipia. Angalia tu kama hali hiyo inakuruhusu kupunguza mwangaza, maana baadhi ya skrini hukifunga kitufe hicho.

Ukitaka kuutumia wigo wote, hapo ndipo kipima rangi kinapohitajika, nacho hufanya kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kusawazisha ni kuiweka skrini katika hali maalumu: weupe wa Kelvini 6500, gama (jinsi mwangaza unavyopanda kutoka giza hadi weupe) ya 2.2, na mwangaza wa kandela 100 hivi kwa mita ya mraba. Kutengeneza profaili ni kuipima ikiwa katika hali hiyo na kuandika faili litakaloziongoza programu. Iache skrini iwake nusu saa kwanza, na ufunge dirisha linaloingiza jua la pwani.

Uwe mwangalifu usiuziwe kipima cha zamani. Vichujio vya vipima vingi hukadiria tu jinsi jicho linavyoona rangi, navyo vilirekebishwa kwa mwanga wa taa za skrini za kawaida, ilhali taa za skrini za wigo mpana hutoa mwanga wenye vilele vyembamba (nguvu yake imebanwa kwenye rangi chache), na kipima kisichopewa masahihisho ya aina hiyo ya taa hukosea, hasa kwenye weupe. Mbaya zaidi, ukikagua matokeo kwa kifaa hicho hicho, ripoti itakuonyesha Delta E (kipimo cha kosa la rangi) chini ya 1 huku macho yako yakiona waridi, kwa kuwa kosa la kupima limejirudia katika kukagua. DisplayCAL, programu isiyolipiwa, inakuruhusu kuchagua masahihisho hayo. Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga wa kila rangi peke yake bila kutegemea vichujio hivyo, hukwepa tatizo hilo, lakini bei yake ni kubwa mno kwa studio ya mtu mmoja.

Kabla ya kutuma picha, zigeuze kuwa sRGB na uambatanishe profaili. Kugeuza hubadilisha tarakimu ili rangi ibaki. Kubandika jina la sRGB juu ya tarakimu za Adobe RGB huifanya rangi ififie vilevile. Na kwa albamu ya harusi, mwombe mchapishaji profaili ya karatasi yake, kisha chapisha kwanza picha moja yenye kisutu na ngozi pamoja, uitazame mchana kivulini, si chini ya balbu ya manjano.