Anayewasha na anayezuia

Mwanangu,

Umeniuliza uchukue yupi kwa tasnifu yako, Hsf1 au Msn2, hizo protini mbili zinazowasha jeni za hamira, na yupi hasa ndiye mkubwa hamira inapopigwa na joto. Msimamizi wako anataka jibu mwisho wa mwezi. Baba yako kasema nisikuchagulie, na mimi sikuchagulii. Ila swali umelianzia mkiani. Unatafuta anayewasha jeni. Wewe na kaka yako, na madarasa yote niliyofundisha, nimewaambia mpaka mkachoka: mtazame kwanza anayezuia.

Mchukue Msn2 na pacha wake Msn4. Hamira ikiwa na sukari tele, kimeng'enya PKA kinawabandika fosfeti na wanabaki kwenye saitoplazimu, nje ya kiini cha seli. Wako tayari, ruhusa ndiyo hawana. Joto likitoka nyuzi 30 kwenda 37, kizuizi kinalegea, na baada ya dakika chache wameshaingia kwenye kiini wakatafuta vipande vya DNA vyenye AGGGG. Hsf1 yeye anashinda humo humo kiinini, lakini Hsp70, protini inayosaidia nyingine zijikunje sawasawa, kamng'ang'ania. Ni shangazi yako mtupu: siku za kawaida kaikalia redio hakuna wa kuigusa, pakitokea kazi jikoni anakimbilia huko nanyi mnafungulia taarabu. Kazi yenyewe ni protini zilizoanza kujikunja ovyo kwa joto. Hsp70 akienda kuzihudumia, Hsf1 anabaki huru, naye anaagiza akina Hsp70 wengine watengenezwe. Wakishatosha, wanarudi kumkamata. Ndiyo maana mwitikio unapanda haraka kisha unashuka, hata kama joto lenyewe bado lipo.

Sasa unajua ninapoelekea. Zile chupa.

Ulikuwa mdogo, lakini maputo unayakumbuka, maana yaliyobaki mliyapasua wote uani. Nilikuwa nimesoma kazi ya Susan Lindquist na Yolanda Sanchez ya mwaka 1990: hamira ikipashwa kwanza kwa nyuzi 37 huhimili nyuzi 50 ambazo zingeiua, na ikikosa protini Hsp104 inakufa mara 100 hadi 1,000 zaidi. Nikasema kidato cha nne wataliona hili kwa macho yao. Hamira ya pakiti haifai ilivyo, kwa sababu imekaushwa na tayari ni sugu, imejaa trehalosi, sukari inayoikinga seli. Ilibidi tuilishe sukari tangu asubuhi ilegee. Umeona? Sukari ndiyo iliyomfungia Msn2 nje. Kisha chupa mbili za soda: moja kwenye maji ya nyuzi 37 nusu saa, nyingine mezani tu. Zote mbili zikaingia kwenye maji ya nyuzi 50, tukazipoza, tukaongeza sukari, tukavisha maputo midomoni.

Puto la kwanza lilianza kusimama. La pili likabaki limelala kama lilivyo. Watoto wakanyamaza wote, hata wale wa nyuma. Na hapo ndipo akaingia mkaguzi. Hakuzitazama chupa. Aliuliza, "Mwalimu, hili liko kwenye muhtasari?" Nikamwambia mada ya mazingira na viumbe ipo. Akasema hapa si jikoni, akaagiza zimwagwe, na kwenye ripoti akaandika kwamba napoteza kipindi. Msichana mmoja aliomba abaki na lile puto. Akamkatalia. Baba yako huniambia niliache, yameshapita. Yamepita kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Ferruccio Ritossa alipoona kromosomu za nzi wa matunda zimetuna baada ya mtu kupandisha joto la kabati la maabara walimokuwa, jarida kubwa nalo lilimrudishia makala kwamba haina maana. Basi mkaguzi wangu alikuwa na wenzake.

Turudi kwako. Utaniambia Hsf1 ndiye mkubwa kwa sababu seli haiishi bila yeye, hata pasipo joto. Kweli. Wasipokuwepo Msn2 na Msn4 wote wawili, seli inaishi, ila dhoruba ya kwanza inaizoa. Lakini ngoja. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba hamira iliyonyang'anywa Hsf1 inaweza kuishi ukiipa Hsp70 na mwenzake Hsp90 kwa njia nyingine. Kwa hiyo ulazima wake ni wa protini mbili, si wa ufalme. Na jeni nyingi zinazopanda kwa joto ni za akina Msn2. Haya, basi Msn2. Lakini tena, jeni ya Hsp104, ile ya chupa zangu, inaitikia wote wawili. Naona ninavyozunguka, usinicheke.

Na mnasahau upande mwingine. Mtafiti Gasch na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba mishtuko ya kila namna hubadilisha jeni karibu 900 kati ya takriban 6,000, na kama 600 kati ya hizo zinashushwa, nyingi zikiwa za kutengenezea ribosomu, viwanda vya protini vya seli. Theluthi mbili ni kazi ya kuacha! Vijana wote mnakimbilia zinazopanda. Mtazame anayezuia.

Sikuchagulii. Lakini muulize msimamizi ana nini kwenye friza. Hamira isiyo na Msn2 na Msn4 unaiotesha kesho. Isiyo na Hsf1 hutaikuta hai. Itabidi umwondoe kiinini kwa ujanja, kisha upime kabla seli hazijachoka. Una miezi mingapi? Na yule anayekushauri Hsf1, ndiye atakayekaa nawe maabara usiku?

Baba yako anasoma begani mwangu, anasema nimeshachagua. Sijachagua.

Mama yako