Chora mji wako kwanza, simu baadaye

Nilipohamia Arusha kutoka Tanga, miezi sita nzima nilikuwa napanda bodaboda kutoka Ngarenaro hadi kazini, karibu na Mnara wa Saa. Nikaamini mji naujua. Jioni moja nikashuka Kaloleni, mawingu yameufunika Mlima Meru, simu imeisha chaji. Nilizunguka karibu saa nzima, nikajikuta palepale kwenye Mnara wa Azimio.

Aliyeninusuru ni bibi muuza ndizi mbivu.

"Shikamoo bibi. Ngarenaro naelekea wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mlima unajua uko wapi?"

Sikujua. Akaokota kijiti, akachora vumbini: kwanza Meru, kisha mstari wa Barabara ya Sokoine ukikatiza chini yake. Barabara nyingine hakuitaja hata moja. "Ukipanda, unaufuata mlima. Ukishuka, unaenda Unga Limited. Kwako, mlima ubaki mkono wa kulia."

Mwaka 1960 Kevin Lynch, Mmarekani wa mipango miji, alieleza jinsi watu wa Boston, Jersey City na Los Angeles wanavyoibeba miji yao kichwani: kwa njia, mipaka, maeneo, makutano na alama. Nilipokuja kuyasoma hayo nilimkumbuka bibi. Mlima ndio alama yake, Sokoine njia yake. Mgongoni mwa bodaboda mimi sikuwa na kimojawapo, kwa sababu kila kona alichagua dereva.

Kwa hiyo nakusihi: chukua karatasi, weka simu mbali, chora mji wako ukianzia mlangoni kwako. Usifute, usijali vipimo. Ukimaliza, angalia palipobaki peupe. Hapo ndipo pa kwenda, na uende kwa miguu, urudi kwa njia nyingine.

Ukimwelekeza mgeni, usimwambie "duka la bluu". Rangi hubadilika, duka huhama. Mpe Mto Themi, mpe mnara, mpe mlima, na umkumbushe kwamba kuna siku Meru hauonekani, basi auangalie mteremko: barabara inayopanda kutoka Sokoine inaelekea mlimani.

Mchoro wangu wa kwanza bado ninao. Kaskazini umejaa hadi Sakina. Chini ya Sokoine hamna kitu, karatasi tupu, na huko wanaishi watu ninaofanya nao kazi kila siku. Jumamosi hii nashuka Unga Limited na kalamu mfukoni.