Fisi maji mkubwa kama simba: majibu kwa wasomaji

Makala ya Enhydriodon, fisi maji wa kale wa Afrika, imezaa maswali mengi. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Kweli alilingana na simba? Mlimpimaje? (Kisumu)

Kweli. Enhydriodon omoensis wa bonde la chini la Mto Omo, Ethiopia, aliyetangazwa mwaka 2022, anakadiriwa kuzidi kilo 200. Wataalamu walilinganisha meno na mifupa ya mapaja yake na ya fisi maji wa leo. Aliishi kati ya miaka milioni 3.5 na 2.5 iliyopita.

Mwili mkubwa hivyo aliweza kuogelea? (Morogoro)

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Magego yake ni mapana, yana vinundu butu, kwa hiyo kwa miaka mingi alichukuliwa kuwa mla kome, kaa na kambare, mnyama wa majini moja kwa moja. Kisha mtafiti wa visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) Camille Grohé na wenzake wakachunguza kemia ya meno yenyewe. Mnyama anayeshinda majini kama kiboko huonekana kwenye aina za oksijeni zilizohifadhiwa katika jino lake. Fisi maji wa Omo hakufanana na kiboko. Na kaboni, inayotoka kwenye mmea ikaenda kwa mla majani na hatimaye kwa anayemla huyo mla majani, ilimweka karibu na fisi na paka wakubwa wa bonde lile. Yaani huyu alipata chakula chake nchi kavu, ama kwa kuwinda ama kwa kula mizoga. Kwangu mimi hapa ndipo utamu wa visukuku ulipo: umbo la jino lilisema hivi, kemia yake ikasema vingine.

Afrika Mashariki tunao wetu? (Nakuru)

Tunao. Kanapoi, karibu na Ziwa Turkana, alipatikana Enhydriodon ekecaman, wa zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Uganda imetoa fisi maji mwingine wa kale, Torolutra ougandensis, mdogo zaidi. Tukitoka nje ya ukanda wetu, Chad ina Sivaonyx beyi, naye fisi maji wa kale, wa miaka milioni 7 hivi.

Waliwahi kuishi na mababu wa binadamu? (Mwanza)

Ndiyo. Dikika, Ethiopia, kumepatikana Enhydriodon dikikae, na hapo hapo Dikika ndipo yalipochimbuliwa mabaki ya mtoto wa Australopithecus afarensis, mmoja wa hao mababu, wa miaka milioni 3.3 iliyopita.