Kuspeshalaizi ICU na diploma

Kama wewe ni nesi wa diploma hapa Kenya na unauliza kama unaweza kuspeshalaizi ICU, yaani kuhudumia wagonjwa mahututi, ndio inawezekana, si lazima digrii kwanza. Ukiwa na diploma ya KRCHN (ile ya uuguzi wa afya ya jamii) na leseni yako ya Nursing Council iko hai unaingia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, unafanya higher diploma ya critical care, yaani hiyo kazi ya ICU, mwaka mmoja hivi, iko pia ya figo na ya theatre. Dada yangu alipitia hiyo hiyo na saa hii yeye ndiye anashika zamu ya usiku, alamu ya ventileta (mashine ya kusaidia kupumua) ikilia hata daktari intern anamwangalia yeye kwanza. Lakini jua higher diploma haihesabiwi kama digrii, ukitaka masters baadaye ufike kwa vyeo vya juu vya uongozi, itabidi urudi ufanye BScN, digrii ya uuguzi, kwanza.