Maswali ya wasomaji: Kijerumani cha kujifundisha nyumbani

*Barua nyingi safari hii zinatoka kwa wanaojiandaa kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya kazi. Tumechagua nne.*

Habari za kazi, mhariri. Nimemaliza sura nane za kitabu cha Kijerumani na mazoezi yote nimejaza. Nikisoma naelewa, nikitaka kusema neno haliji. Nakosea wapi? (Msomaji, Moshi)

Ndugu yetu, umezoea kuyatambua maneno, hujazoea kuyatafuta kichwani. Zoezi la kujaza pengo linakuwekea maneno matano pembeni uchague. Dukani hakuna anayekuwekea.

Nunua karatasi mbili za manila, ukate kadi za sentimita 7 kwa 10. Upande wa mbele andika Kiswahili, tena sentensi nzima: «Nimepoteza ufunguo wangu.» Nyuma: *Ich habe meinen Schlüssel verloren*, na chini yake umoja na wingi wa «ufunguo»: *der Schlüssel, die Schlüssel*. Soma mbele, tamka Kijerumani kwa sauti, ndipo ugeuze. Wengi huanza na upande wa Kijerumani kwa sababu ni rahisi, na hapo wanarudi kulekule kwenye kutambua.

Kadi zikae kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano, mpango ulioelezwa na mwandishi wa habari Sebastian Leitner katika kitabu chake cha 1972. Chumba cha kwanza pitia kila siku, cha pili kila baada ya siku mbili, cha tatu mara moja kwa wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukipatia, kadi inasogea mbele chumba kimoja. Ukikosea, hata kama ilishafika cha tano, inarudi cha kwanza. Usiionee huruma. Kadi mpya zisizidi 10 kwa siku. Anayeanza na 40 wiki ya kwanza huona raha, wiki ya tatu anakuta rundo la marudio linalokula saa nzima, na boksi linahamia juu ya kabati.

Hizi *der, die, das* zina kanuni gani? Mwalimu anasema tukariri tu. (Msomaji, Tanga)

Kila nomino ya Kijerumani ina kimoja cha hivyo mbele yake: *der* ya kiume, *die* ya kike, *das* isiyo ya kiume wala ya kike, na wingi wote ni *die*. Mwalimu hajakudanganya, ila wewe Mswahili una mtaji ambao Mwingereza hana: ngeli. Hakuna anayejifunza «mti» bila kujua ni «miti», wala «mti huu» bila «miti hii». Fanya hivyohivyo: usiandike *Baum* peke yake, andika *der Baum, die Bäume*. Kamusi nzuri inakupa yote kwa mkato, kwa mfano *Baum, der, -[e]s, Bäume*. Kile kipande cha katikati ni umbo la umilikishi. Kwa sasa kiruke.

Miisho michache inakupunguzia mzigo. Nomino zilizoundwa kwa *-ung, -heit, -keit* na *-schaft* ni za *die*. Zenye *-chen* ya udogo ni za *das*. Hapa ndipo wasomaji wetu hukwama: *das Mädchen* ni msichana, iweje asiwe *die*? Kwetu uhai unashinda umbo. «Kipofu» ana ki- lakini tunasema «kipofu amekuja», si «kimekuja». Kijerumani hapo kinafanya kinyume: umbo la *-chen* linashinda maana.

Nimeona tangazo la kozi ya B1 kwa miezi mitatu, kuanzia sifuri. Nilipe? (Msomaji, Nairobi)

B1 ni ngazi ya tatu kati ya sita za kujua lugha. Kabla ya ada, uliza saa. Taasisi ya Goethe, ya Ujerumani, inayofundisha Kijerumani na kutoa mitihani yake, inakadiria kufika B1 kunahitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Hata ukichukua kiwango cha chini, ni zaidi ya saa 260 darasani. Kozi ya saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, ikienda wiki 13, inakupa saa 130. Ni nusu. Saa nne kwa siku ndipo hesabu inakaribia, na kazi ya nyumbani bado hatujaitia.

Uliza pia wanafunzi wanaandika mara ngapi na nani anasahihisha. Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea. Kila moja ina alama 100 na unahitaji 60 kila sehemu, kwa hiyo kusoma vizuri hakuwezi kukuokoa kwenye kuandika. Kuandika ni dakika 60, kazi tatu: barua pepe kwa rafiki, maneno kama 80, maoni yako juu ya mada, 80 tena, na ujumbe mfupi wa heshima, kama 40. Gawa muda 20, 25 na 15. Ile barua ya kwanza ina hoja tatu za kujibu. Mtahiniwa anayenogewa na hoja ya kwanza akasahau ya tatu anapoteza alama hata kama sarufi yake imenyooka. Mitihani ya mfano ipo bure kwenye tovuti ya Goethe. Ifanye ukiwa na saa mezani, simu ukiwa umeizima.

Vitabu vya mitumba vinafaa? Vingi havina CD. (Msomaji, Mwanza)

Vinafaa, na CD isikutishe: wachapishaji wengi huweka sauti kwenye tovuti zao, mradi ujue jina kamili na toleo. Kilichojazwa majibu kwa penseli kinafutika. Kilichojazwa kwa kalamu kiache hapohapo. Kisha angalia umri wake. Ukikuta *daß* badala ya *dass*, kitabu kinafuata tahajia ya kabla ya mageuzi ya 1996. Na kama bei za mkate humo ndani ni za Mark, fedha ya zamani ya Ujerumani, hakijaiona hata noti ya euro, iliyoanza kutumika 2002. Sarufi yake bado ni nzima, tahajia itakuponza kwenye mtihani. Mwombe muuzaji apunguze bei.